Je, Wajua? Mtoto Anaposhika Usukani wa Masomo Yake

Je, wajua kwamba mvulana wa Kibukusu hapelekwi jandoni? Huomba mwenyewe.

Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Agosti inapokaribia, ukisimama sokoni Myanga, Bungoma, kwenye njia ya kuelekea Malaba, utasikia chinyimba, yaani njuga za chuma, zikilia kabla ya kumwona anayezipiga. Huyo ni omusinde, mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na yuko njiani kuwaalika jamaa zake. Amekwisha kumwambia baba kwamba yuko tayari, na kwa kawaida baba hakubali mara moja. Humhoji, humkemea, humwuliza ni nani aliyemtuma. Mjomba naye ana zamu yake: humchinjia fahali na kumvika ukanda wa nyama shingoni. Watu wazima wote wako kazini, lakini neno la kwanza limetoka kinywani mwa mtoto.

Nimeanza na hili kwa sababu shule ambazo mwanafunzi hujichagulia cha kujifunza huzungumzwa kana kwamba zilishuka na ndege. Imani kwamba somo zito halimwingii mtu mpaka alitake mwenyewe ilikuwa huku magharibi mwa Kenya kabla ya ubao wa kwanza kutundikwa.

Na je, wajua kwamba marika ya Wabukusu ni manane, nayo huzunguka? Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma, Basawa, kisha mzunguko unaanza upya. Jina la rika hurudi baada ya takriban miaka mia moja.

Rika liliwahi kujenga hata chuo, ingawa si Bungoma. Baada ya mgogoro wa 1929 kati ya Wakikuyu na wamisheni kuhusu tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni na kuanzisha shule zao huru. Walimu wangetoka wapi? Mwaka 1939 Peter Mbiyu Koinange alifungua chuo cha ualimu Githunguri, na michango ilikusanywa kwa marika, kila rika likijitahidi lisipitwe na jingine. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1946. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga. Ni haki kusema kwamba uhuru wa shule hizo ulikuwa wa wazazi zaidi kuliko wa watoto. Hata hivyo, sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba jamii maskini inaweza kusimamisha shule yake bila kungoja ruhusa.

Uhuru wa mtoto mwenyewe ulijaribiwa mbali na hapa. A. S. Neill, mwalimu kutoka Scotland, alianzisha Summerhill mwaka 1921 karibu na Dresden, Ujerumani, na tangu 1927 shule hiyo iko Leiston, mashariki mwa Uingereza. Kuingia darasani ni hiari. Sheria za shule hupitishwa katika mkutano ambamo mtoto mdogo ana kura moja na mwalimu mkuu ana kura moja. Serikali ya Uingereza ilipotaka kuibana mwishoni mwa miaka ya 1990, shauri lilifika mahakamani London. Machi 2000 pande mbili zilipofikia makubaliano, wanafunzi waliufanya mkutano wao mle mle katika chumba cha mahakama, wakajadili masharti, ndipo wakayakubali.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere naye aliligusa jambo hili? Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba, na wanafunzi washiriki kuamua kazi zake na matumizi ya mapato yake. Shule nyingi zilichukua jembe zikaacha uamuzi. Naona hapo ndipo tulipoteza kilicho bora zaidi katika wazo lile, kwani mtoto anayelima asichokipanga amepewa kibarua tu.

Upande wa Kenya, vilabu vya kilimo vya shuleni vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Karibu na Kitale kuna Manor House, iliyokuwa shule ya watoto wa walowezi. Tangu 1984 ni chuo cha kilimo, ambako vijana hujifunza kwa mikono yao kuchimba matuta ya kina, kutengeneza mboji na kulisha familia kutoka kwenye kipande kidogo cha ardhi. Mtaala wa umilisi nao, kati ya stadi zake saba za msingi, unataja kujifunza namna ya kujifunza.

Sasa twende Tanga, Tanzania. Mwishoni mwa 2017, vijiji karibu 170 vya mkoa huo vilipokea vishikwambi na vituo vya kuvichaji kwa nishati ya jua. Watoto walikuwa karibu 3,000. Asilimia 74 walikuwa hawajawahi kusoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Hawakuletewa mwalimu. Kila mmoja alikabidhiwa kifaa chenye programu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, akaachwa abonyeze, akosee, ajaribu tena kwa mwendo wake.

Yalikuwa mashindano ya taasisi ya XPRIZE, yakisaidiwa na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Timu tano zilifika fainali. Baada ya miezi 15, idadi ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion.

Mimi hukaa sana na ile nusu iliyobaki. Walikuwa na kifaa kilekile, jua lilelile, uhuru uleule. Ningependa kujua nyumbani kwao nani aliwauliza jioni, “Leo umejifunza nini?” Baba wa omusinde humhoji mwanawe hadi usiku. Kishikwambi hakina jamaa wa namna hiyo.

Sharti la mashindano lilikuwa kwamba programu za timu zote tano za fainali ziachwe wazi, bure, kwa yeyote anayetaka kuzitumia au kuzirekebisha. Kwa hiyo kazi iliyofanyiwa majaribio na watoto wa Tanga, kwa Kiswahili, inaweza kupakuliwa hata na mwalimu wa Myanga.