Picha isiyosuuzwa haidumu

Somo: Yakobo 1:22-25

Leo nakualika twende pamoja hadi kijiji cha Lacock, katika kaunti ya Wiltshire nchini Uingereza. Huko kuna jumba lililoanza kama nyumba ya sala, likageuzwa makazi ya matajiri, na leo watu hulitembelea kwa sababu ya kipande cha karatasi chenye ukubwa wa stempu.

Mwaka 1232 mjane mmoja wa ukoo mkubwa, Ela wa Salisbury, alianzisha hapo abasia ya masista waliofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino. Baadaye yeye mwenyewe akawa mkuu wao. Kama umewahi kufika Peramiho au Ndanda, unajua abasia ilivyo: kengele, sala kwa saa zake, ukimya na kazi. Masista wa Lacock waliishi hivyo kwa takriban miaka 300, hadi Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa. Yao ilifungwa mwaka 1539. Mnunuzi wake, William Sharington, alibomoa kanisa na kugeuza majengo mengine kuwa makazi yake, lakini veranda zenye matao zinazouzunguka ua aliziacha. Hadi leo unaweza kutembea pale walipotembea masista.

Karibu na lango lipo ghala la kale ambalo tangu mwaka 1975 ni makumbusho ya upigaji picha. Yanaitwa kwa jina la William Henry Fox Talbot, aliyezaliwa mwaka 1800 na kurithi jumba hilo. Oktoba 1833, akiwa kando ya Ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa maalumu. Michoro ikatoka mibaya. Akajiuliza: je, mwanga wenyewe hauwezi kuchora?

Aliporudi nyumbani alipaka karatasi chumvi na nitrati ya fedha, akaiweka ndani ya visanduku vidogo vya mbao. Mkewe, Constance, aliviita mitego ya panya. Agosti 1835 alikielekeza kimoja kwenye dirisha la ukumbi mrefu wa kusini. Negativu aliyoipata ndiyo ya kale kuliko zote zilizobaki duniani. Dirisha hilo bado lipo, na mgeni anaweza kusimama mbele yake.

Lakini Talbot alikuwa na tatizo, na hapo ndipo ninapotaka tutulie. Mwanga uliichora picha vizuri. Ila ukiitoa karatasi nje ili uitazame, mwanga uleule unaendelea kufanya kazi juu ya fedha iliyobaki, ile ambayo haikuguswa ndani ya kisanduku. Mwisho karatasi nzima inakuwa nyeusi. Mwanga ulioileta picha ndio unaoifuta.

Talbot alijaribu kuiosha kwa maji ya chumvi kali. Iliahirisha tatizo, haikulimaliza. Mwaka 1839 rafiki yake, mwanasayansi John Herschel, alimweleza kuhusu kemikali ambayo wapiga picha waliizoea kwa jina la haipo. Haipo huyeyusha fedha yote ambayo mwanga haukuigusa, kisha maji huiondoa. Baada ya hapo unaweza kuitazama picha mchana kweupe.

Zingatia jambo hilo, ndugu yangu. Kuongeza mwanga hakukuiokoa picha. Ilidumu baada ya kuondolewa kile ambacho mwanga ulikuwa haujakigusa. Ndiyo maana zamani tulisema tunapeleka picha kusafishwa.

Yakobo anasimulia habari za mtu anayejitazama kwenye kioo, akaondoka na kusahau mara moja sura yake ilivyo. Ndivyo lilivyo neno linalosikiwa lisitendwe. Jumapili sura yako unaiona waziwazi, machozi yanakutoka, unasema amina. Jumatano haipo tena. Nawe unadhani dawa ni kuongeza mwanga: mkesha mwingine, semina nyingine, mhubiri mwenye sauti kubwa zaidi.

Pengine liko shamba la marehemu baba uliloandikisha kwa jina lako peke yako, na wadogo zako wananyamaza kwa heshima tu. Pengine ni fedha za kikundi zilizopita mikononi mwako ukiwa mweka hazina, nawe hujawaeleza wenzako ukweli. Pengine ni mtoto uliyemzaa na kumkana. Sehemu hiyo moja hujaruhusu mwanga uifikie. Lakini haitabaki imetulia. Kadiri unavyokaa kwenye mahubiri ukiificha, ndivyo inavyoendelea kutia weusi kila kitu kingine. Mtu anaweza kukaa benchi la mbele miaka ishirini na moyo wake ukazidi kuwa mgumu.

Mtazame Zakayo katika Luka 19. Alimpokea Yesu kwa furaha, na huo ulikuwa mwanga. Kisha akasimama na kutaja mali: nusu kwa maskini, na aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Aliligusa lile lililokuwa bado gizani, hesabu zake. Yesu akatangaza kwamba siku ile wokovu umefika katika nyumba ile.

Simaanishi kwamba tunajiokoa wenyewe. Katika Zaburi ya 51 Daudi anamwomba Mungu ndiye amwoshe, tena amwoshe sana. Maji ni ya Mungu. Letu ni kukubali kukaa ndani yake mpaka kazi iishe. Waliofanya kazi kwenye vyumba vya giza vya studio wanakumbuka kwamba hata haipo yenyewe lazima isuuzwe, na kusuuza kunataka muda. Mwaka 1844 Talbot alianza kutoa kitabu kiitwacho The Pencil of Nature, chenye picha halisi zilizobandikwa. Nyingi kati ya picha hizo zilififia, na kutosuuzwa vya kutosha kulichangia. Toba ya haraka nayo hufifia. Kuomba msamaha ni dakika moja. Kurudisha hati, kulipa kidogo kidogo na kumzoea tena ndugu uliyemuumiza huchukua miezi.

Basi leo ukitoka kanisani, usiombe mwanga zaidi. Soma Mathayo 5:23-24, kisha mpigie simu yule ambaye jina lake limekujia ulipokuwa ukisoma makala hii. Mwambie unataka kuja kuzungumza, na utaje siku.