Puto kwenye mshipa wa ubongo: kwa nini akina mama zaidi?

Leo sayansi kidogo, maana hii inamgusa mama yako.

Umeshaona tyubu ya baiskeli iliyochoka? Sehemu moja inakuwa dhaifu, ukijaza upepo inatuna. Mshipa wa damu kichwani nao hufanya hivyo, wataalamu wanaita aneurizimu. Kati ya watu wazima 100, kama 3 hivi wanayo, na wengi hawajui. Ikipasuka, damu inamwagika kuuzunguka ubongo, na wengi hupoteza maisha.

Sasa kasheshe: wanawake wanayo zaidi ya wanaume, hasa baada ya miaka 50. Mshukiwa wa kwanza ni homoni ya estrojeni. Inasaidia kulinda kuta za mishipa, halafu hedhi ikikoma inashuka. Mshukiwa wa pili ni jeni. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanaume ana X na Y. Kwa mwanamke X moja huzimwa, lakini baadhi ya jeni zake hukataa kuzimika. Je, hizo ndizo zinazochangia? Watafiti bado wanachimba.

Mwaka 2020 utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 10,000 ulitaja sehemu 17 za vinasaba zinazohusika. Safi, ila waliopimwa walikuwa wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Mnyambo hayumo! Tutajuaje kama majibu yao ni yetu?

Hapo ndipo mwanafunzi anaingia. Matokeo ya tafiti nyingi za vinasaba yako wazi kwenye intaneti. Mwenye kompyuta na hesabu za takwimu anaweza kuyachambua bila kuwa na maabara. Ila sampuli za kwetu lazima zikusanywe na mtu, kwa ridhaa ya wagonjwa. Kwa nini asiwe kijana wa Karagwe au Kyerwa?

Wakati tunasubiri: mama apime presha, na mwenye sigara aache. Kama ndugu wawili wa damu wamewahi kupata tatizo hili, mwambieni daktari.

Kichwa kikiuma ghafla kama radi, shingo ikakakamaa, mtu akatapika, msianze kutafuta nani kamroga. Kimbieni Nyakahanga au hospitali iliyo karibu, mapema, maana upasuaji wa ubongo uko mbali: Bugando kule Mwanza, au MOI Dar.

Haya, wanasayansi wa kesho, uwanja wenu. Mnasemaje?