YUNGIYUNGI: UA LA MABWAWANI LILILOTUKUZWA NA WAMISRI

Katika mabwawa na mito iendayo polepole ya Afrika Mashariki huonekana majani ya mviringo yakielea juu ya maji, na kati yake maua ya samawati. Hayo ndiyo mayungiyungi. Mvuvi huyasukuma kando kwa kasia lake na kuendelea na safari. Lakini ua hilo hilo, ambalo wataalamu wa mimea waliliita Nymphaea caerulea, lilichorwa na kuchongwa na mafundi wa Misri ya Kale kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Je, waliliona na sifa gani?

Ua la jua

Yungiyungi la samawati hufumbuka asubuhi na kufumba mchana ukiendelea. Wamisri waliufananisha mwendo huo na mwendo wa jua. Katika mojawapo ya simulizi zao za uumbaji, jua lilizaliwa ndani ya ua lililoibuka kutoka katika maji ya mwanzo. Ndiyo maana katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa mwaka 1922, kilikutwa kichwa cha mti cha mfalme huyo kikichomoza katika ua la yungiyungi: naye, kama jua, alitarajiwa kuzaliwa upya. Katika picha za kaburi la Nebamun, za yapata mwaka 1350 K.K., wageni wa karamu wamevaa maua hayo vichwani. Tena, miongoni mwa mashada yaliyokutwa pamoja na maiti za wafalme huko Deir el-Bahari mwaka 1881, mtaalamu Georg Schweinfurth alizitambua petali za yungiyungi.

Yale yatendekayo bwawani

Vitabu vingi husema kwamba ua hili huzama kila jioni na kuibuka kila asubuhi. Maneno hayo ni matamu, lakini si sahihi. Jioni ua hufumba tu, wala halizami. Siku ya kwanza huwa katika hali ya kike: katikati yake kuna kikombe chenye majimaji. Mdudu aliyetoka katika ua jingine akitumbukia humo, chavua aliyoibeba huoshwa mwilini mwake na kulirutubisha ua. Pengine mdudu mwenyewe hufa maji. Siku zifuatazo kikombe hufunikwa, na stameni huanza kutoa chavua. Baada ya siku chache hizo ndipo ua huzama, mara moja tu, ili tunda lipevuke chini ya maji. Mbegu zikiiva huelea kwa muda, kisha hushuka matopeni na kuota.

Hivyo Wamisri hawakukosea katika jambo kubwa. Ua hili hakika hushuka majini, na uhai mpya hutoka humo.

Jina lipotoshalo

Wageni waliliita ua hilo «lotus», jina ambalo pia hupewa ua takatifu la Bara Hindi, Nelumbo nucifera. Hilo lilifika Misri baadaye sana, karibu na zama za utawala wa Waajemi. Majani na maua yake husimama juu ya maji badala ya kuelea, na uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa mimea hiyo miwili haina undugu wa karibu.

Wajibu wetu

Nchini Misri kwenyewe yungiyungi la samawati sasa limekuwa adimu, kwani vinamasi vingi vya delta ya Nile vimekaushwa kwa ajili ya mashamba na makazi. Picha zimebaki ukutani, ua likakosekana majini. Kwetu bado lipo. Lakini kila kinamasi kinachofukiwa hulipunguzia makao.

Walimu wa sayansi wanaweza kuanza na jambo dogo. Mahali penye maji ya kina kifupi, pasipo mamba, wanafunzi wafunge uzi kwenye kikonyo cha ua moja changa, kisha walitazame asubuhi na jioni hadi lizame. Watakuwa wameona kwa macho yao jambo ambalo waandishi wengi wamelinakili bila kulitazama.