Vidonge vya presha visiachwe ghafla kabla ya upasuaji wa ubongo

MGONJWA wa Kasigau anayehitaji upasuaji wa ubongo ana safari ndefu. Kutoka vijiji vya Rukanga au Bungule, chini ya Mlima Kasigau, hufika Maungu, kisha hospitali ya rufaa mjini Voi, na huenda akatumwa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi.

Katika safari hiyo ni rahisi vidonge vya presha kuisha au kusahaulika nyumbani. Iwapo ni vya kundi la beta-bloka, kama vile atenololi na propranololi, kosa hilo laweza kuwa la hatari.

Dawa hizi huzuia adrenalini isiuharakishe moyo. Zikikatizwa ghafla, mapigo na presha hupanda, na mwenye maradhi ya mishipa ya moyo anaweza kupatwa na mshtuko wa moyo.

Meninjioma ni uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo. Mara nyingi si saratani, hukua polepole, na huwapata wanawake zaidi. Hutibiwa kwa upasuaji au mionzi. Uvimbe mdogo huweza kufuatiliwa kwa picha tu.

Beta-bloka si tiba ya uvimbe huo. Hata hivyo, propranololi hutumiwa pia kuzuia kipandauso, hivyo kichwa kutulia si ithibati kwamba ubongo ni mzima. Kifafa kinachoanza ukubwani, macho kufifia au udhaifu wa upande mmoja wa mwili huhitaji uchunguzi.

Aliyezoea dawa hizi kwa kawaida huendelea kuzimeza hadi siku ya upasuaji, isipokuwa daktari aamue vinginevyo. Mtaalamu wa dawa za usingizi lazima ajulishwe, kwani mapigo yaliyotulizwa huweza kuficha dalili kwamba mgonjwa anapoteza damu.

Kuzianza siku ya upasuaji nako kuna madhara. Utafiti wa POISE wa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa 8,351 wa upasuaji usio wa moyo, ulionyesha kuwa waliopewa metoprololi walipata mshtuko wa moyo kwa uchache, lakini vifo na kiharusi viliongezeka.

Kwa hivyo, kabla ya kupanda gari, mgonjwa abebe vidonge vya kutosha pamoja na kadi yake ya kliniki, ili daktari atakayempokea ajue anachotumia na kwa kipimo gani.