Ukialikwa nyama choma Seoul, uliza kwanza

Ndugu yangu, ukifika Seoul ukaalikwa nyama choma, jua kwamba mara nyingi ni samgyeopsal, yaani nyama ya tumbo la nguruwe. Jiko liko katikati ya meza. Nyama hukatwa kwa mkasi, ikafungwa ndani ya jani la saladi pamoja na thomu. Kuagiza ng'ombe hapo hakutoshi, maana wavu wa kuchomea huenda ukawa ule ule. Shika maneno mawili: dwaeji ni nguruwe, so ni ng'ombe. Mwenyeji mwambie mapema, si nyama ikishawekwa motoni, asije akaona umemdharau. Bora mwende Itaewon, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Huko mikahawa ya halali ipo, na kimchi, ile achari yao ya kabeji, utaipata vile vile.