Tiketi Nyingi Kuliko Viti

Ndege ikishapaa, kiti kilichobaki wazi hakiuziki tena. Na kila siku wapo abiria waliolipa wasiotokea: aliyekwama kwenye foleni ya magari, aliyeahirishiwa kikao, aliyechelewa kuunganisha ndege. Ndiyo maana mashirika mengi huuza tiketi kupita idadi ya viti, yakikadiria kwa kumbukumbu za safari zilizopita ni wangapi watakosekana. Mara nyingi makisio hutimia na hakuna anayegundua.

Yasipotimia, kuna atakayeachwa, na hapo ndipo sifa ya shirika hujengeka au kubomoka. Mwaka 1968 mchumi wa Marekani, Julian Simon, alipendekeza abiria wenyewe waulizwe nani yuko radhi kusubiri, na kwa kiasi gani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wazo hilo liliingia katika kanuni za nchi hiyo. Ni utaratibu wa haki kweli: mwanafunzi asiye na haraka hupokea fedha kwa furaha, na anayewahi mazishi husafiri.

Uzito wake ulionekana Chicago tarehe 9 Aprili 2017, ndani ya ndege ya United Express iliyokuwa ikienda Louisville. Abiria walikuwa wamekwishaketi ndipo vikatakiwa viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wa shirika. Dau lilifika dola 800, hakuna aliyekubali, likaishia hapo. Yakachaguliwa majina. Daktari wa miaka 69 aliyekataa kushuka aliburutwa na maofisa wa usalama wa uwanja, mdomo ukivuja damu, huku abiria wenzake wakirekodi kwa simu. Kesho yake mkuu wa shirika aliomba radhi kwa lugha ya kiofisi, na hasira zikazidi. Kabla mwezi haujaisha, United ilipandisha kikomo cha dau hadi dola 10,000. Laiti ingeongeza mia chache jioni ile!

Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 humpa anayenyimwa nafasi bila ridhaa yake euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, pamoja na chakula, hoteli inapobidi, na hiari ya kurudishiwa nauli au kupewa ndege nyingine. Inamlinda pia anayetoka Amsterdam kwenda Nairobi, kwa shirika lolote. Anayetoka Nairobi kwenda Amsterdam hulindwa tu akisafiri na shirika la Ulaya. Shirika linawajibika kumkabidhi haki hizo kwa maandishi, na abiria halazimiki kupokea vocha badala ya fedha.