Kuku Mkongwe Naye Ana Haki

Wahenga walisema kwamba fadhila za punda ni mateke. Methali hii huwalenga watu wasiokumbuka wema, na ni nadra kumpata mwanafunzi ambaye hajawahi kuitumia katika insha. Lakini lau kuku wangekuwa na methali zao, sidhani kwamba wangemtaja punda. Wangemtaja binadamu. Kwa miaka kadhaa binadamu hula mayai ya mtetea wake na kuuza vifaranga wake; siku mtetea huyo akikoma kutaga na kuanza kuugua, malipo anayopewa ni kisu.

Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, ambako nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba. Hata hivyo, kuku hawakosi: wamo nyuani, chini ya ngazi na juu ya mapaa. Wala si wageni hapa pwani. Mifupa ya kuku iliyofukuliwa Shanga, katika kisiwa cha Pate, yaonyesha kwamba wazee wetu walimfuga ndege huyu karne nyingi kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Mtetea hutaga kwa wingi katika miaka miwili ya mwanzo, kisha mayai hupungua mwaka hata mwaka. Lakini akitunzwa vyema aweza kufikisha miaka 6 au 8, na wengine huzidi hapo. Basi kuku ana uzee, tena mrefu. Swali ninalouliza ni hili: uzee huo ni wa nani kuutunza?

Mtaani kwetu jibu ni neno moja: muwahi. Kuku akionekana amezubaa na mabawa yamelegea, mwenyewe huambiwa amuwahi, yaani amchinje kabla hajawa mzoga. Wengi huuona huu kuwa ujanja. Kwa maoni yangu ni hatari.

Tuuchukue ugonjwa wa kideri, ambao wengine huuita mdondo. Wataalamu waliueleza mwaka 1926, na wakaupa jina la mji wa Newcastle, Uingereza. Kideri hakimchagui mkongwe. Huwavamia kuku wengi kwa mpigo. Wakashindwa kupumua vyema, wakaharisha kijani, shingo zikapinda, na baada ya siku chache tundu likawa tupu. Anayemchinja kuku wa namna hiyo uani humwaga damu, manyoya na matumbo yenye virusi. Haupiti muda kunguru, ambao hapa Mombasa hawana idadi, wameyazoa na kuyadondosha katika ua wa jirani. Isitoshe, kuku aliyenyweshwa dawa jana, leo akatiwa chunguni, huliwa pamoja na dawa yake. Kinga ya kideri ni chanjo, ambayo hutengenezwa humu humu nchini; aina moja hutiwa tone jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi michache. Lakini chanjo ni kinga, si tiba, na hupewa kuku angali mzima.

Maradhi ya uzee yana sura nyingine. Humjia kuku mmoja, tena polepole, na wenzake hubaki wazima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mtetea wangu mwenye madoa, aliyekuwa ametimiza miaka sita. Alikonda, akawa anachechemea, na magamba ya miguu yakainuka. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia, "Mwalimu, muwahi huyo, kesho utamtupa." Nikamjibu, "Mama, bado anakula na maji anakunywa. Tumwangalie kwanza."

Nilimtenga na wenzake, nikamweka ndani ya tenga kuukuu chini ya ngazi, penye kivuli na upepo, kwani joto la kaskazi humtesa kuku kama limtesavyo mtu. Maji yake yalibadilishwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Chakula kilikuwa wali laini na dagaa waliopondwa. Daktari wa mifugo alisema kwamba miguu ilikuwa imeingiwa na utitiri. Akanielekeza niioshe kwa maji ya vuguvugu, kisha niipake mafuta ya nazi ili wadudu wale wakose pumzi. Gharama yake haikuwa kubwa. Kilichohitajika zaidi ni wakati. Kuku yule aliishi miezi minne zaidi, wala hakutaga hata yai moja. Mtoto mmoja wa jirani, aliyezoea kumletea makombo ya mkate, aliniuliza, "Mwalimu, huyu anatupa nini sasa?" Nilimjibu kwamba alikwisha kutoa.

Jibu hilo sikulibuni mimi. Izzuddin bin Abdussalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, alifariki mwaka 1262 akiwa ameorodhesha haki za mnyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kulishwa, hata akizeeka au akiugua kiasi kwamba hana manufaa tena. Na akichinjwa, achinjwe kwa wema. Sheria ya Kenya nayo, katika Sura ya 360, humhesabu kuwa mkosaji mwenye mnyama anayemwacha ateseke bila sababu.

Najua nitapingwa. Vitabu vya somo la kilimo hufundisha kwamba kuku asiyetaga aondolewe kundini. Sikatai. Mwenye kuku mia tano, anayenunua chakula kwa gunia, hawezi kuendesha makao ya wazee. Wala sisemi kwamba kisu ni haramu kwa kuku mkongwe aliye mzima. Tena yuko mgonjwa asiyeweza kula wala kusimama. Huyo kumkatia mateso kwa kisu kikali ni huruma, kisha afukiwe chini sana, asitupwe jaani. Ninachopinga ni haraka ya kuchinja bila kutazama, bila kuuliza, kana kwamba ugonjwa ni hasara ya mwenye kuku peke yake.

Walimu wenzangu, kanuni ya kuondoa wasiotaga ni kanuni ya biashara. Tukiifundisha bila kuiwekea mpaka, mtoto ataichukua mzimamzima na kutoka nayo bandani. Katika nyumba hizi zilizobanana, tenga la kuku mgonjwa liko hatua chache tu kutoka kitanda cha bibi. Mtoto hutazama tunavyomtendea mmoja, akajifunza atakavyomtendea mwingine. Samaki mkunje angali mbichi.